Dagaa wa Chanja

Nimechoka mimi. Nasema mapema, mtu asije akaniambia nitabasamu.

Dagaa wangu karibu wote walikuwa wanachukuliwa na Rebeka, mteja wangu wa nchi jirani. Nawaanika juu ya chanja hapa ufukweni Igogo, hawagusi mchanga, naye anawapelekea watu wa mjini kwao wasiotaka kutafuna changarawe. Kwa hapa, bei ya dagaa wa namna hiyo haitoki. Kwa hiyo serikali yao ilipowapandishia ushuru dagaa wetu, usingizi uliniruka.

Rebeka akanituliza. "Dada Ng'washi, tulia. Nikija huko nashusha sabuni na mafuta ya kula, faida yangu iko hapo. Dagaa nitawabeba tu wakati Fuso inarudi."

Nikapumua kidogo.

Juzi Chenge, mwenyekiti wetu wa soko, akaja anapiga makofi. "Akina mama, serikali yetu imewajibu hao majirani! Wao wamegusa dagaa, sisi tumegusa sabuni na mafuta yao. Tumewawekea nyongeza!"

Mama mkwe wangu, Bibi Sabina, alikuwa anapima dagaa kwa kopo. Akaacha. "Nyongeza? Watutie hasara, halafu tuwape nyongeza?" Kwake nyongeza ni ile konzi ya mwisho unayomtupia mteja mzuri ili arudi.

"Nyongeza ya ushuru, bibi!" Chenge akacheka. "Tumelipiza. Watajuta hao."

Vigelegele vikapigwa. Jamani, hata mimi nilitaka kupiga. Nani hapendi kuona aliyemuonea naye akikiona? Lakini mdomo ukagoma. Sabuni na mafuta, si ndio mzigo wa Rebeka?

Jioni akapiga simu. "Dada, nilikuwa naumia kwenye dagaa, napona kwenye sabuni. Sasa naumia kote. Fuso nimeipaki, siji tena."

"Hata mara moja moja?"

"Hata hiyo. Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Kwani wewe umenifanya nini?" Nikamfokea, halafu nikalia kama mjinga.

Leo nimemwita Taher, mwenye mashine ya chakula cha kuku. Ndiye peke yake aliyekubali kuchukua mzigo wote. Mtu mpole, kaanza kwa kumpa Bibi Sabina shikamoo yake, kachota dagaa wangu, kawanusa, kawasifia kweli. Kisha akafungua gunia langu na kulimwaga garini, juu ya rundo la dagaa walioanikwa mchangani. Vumbi likatimka. Nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Dada, hizi chanja zinakuchosha bure," akaniambia kwa huruma. "Kuanzia kesho waanike chini tu. Kuku hawajali mchanga."

Nikamwambia sawa. Alipoondoka nikaanza kung'oa miti ya chanja.

Chenge akapita. "Ng'washi, mbona unabomoa? Si tumeshinda?"

"Walioshinda ni kuku, mwenyekiti," nikamjibu, nikaendelea kung'oa.