Kasiki la Hajrabai

Hajrabai alipofariki, mumewe Quresh alibaki peke yake katika nyumba ya Kibokoni, yeye na kasiki moja kubwa la rangi ya hudhurungi lililosimama pembeni mwa jiko tangu enzi za babu za mkewe. Watu wa makumbusho walisema lilitoka Uchina, tena zamani sana. Hajrabai hakujishughulisha na Uchina. Yeye alilitilia achari ya maembe, na kila lilipofunuliwa nyumba nzima ilinukia haradali na uwatu.

Binti yao wa pekee, Fiza, alikuja kwa hitima kutoka Uingereza. Shauri lilikuwa lake. "Baba, iko siku utalivunja bure. Lipeleke makumbusho, watu walione."

Quresh hakuwa na nguvu za kubishana. Kasiki likachukuliwa, Fiza akarejea kwake, naye akarudi kwenye duka lake la kanga, Biashara Street.

Harufu ilidumu jikoni siku chache, kisha ikatoweka. Asubuhi moja Quresh aliingia kuchemsha chai, akasimama akinusa hewa kama mtu aliyepotelewa na kitu. Hakulifungua duka. Alikwenda makumbusho.

Caroline, msichana wa Kirabai aliyeshughulikia vyombo vya kale, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kulitazama kasiki."

Akampitisha ghalani, katikati ya rafu za mabakuli ya samawati, mitungi na vigae vilivyosubiri kuungwa. Kasiki lilikuwa mezani, linang'aa kuliko Quresh alivyowahi kuliona.

"Hebu nifunulie."

Caroline alivaa glavu, akaondoa kifuniko. Quresh akainama, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Mumeliosha," alisema.

"Naam, mzee. Lilikuwa na mafuta yaliyoganda ndani, yangeliharibu. Tulihangaika nalo sana." Caroline alikuwa akitabasamu, kisha akamwona uso. "Kuna kosa?"

"La. Mumefanya kazi njema."

Akaaga. Alipita Marikiti, akanunua maembe mabichi, pilipili na viungo. Nyumbani aliyakata maembe, akayatia chumvi, akawasha moto, hapo akakwama. Haradali hutangulia, au uwatu? Akampigia Fiza.

"Mimi sijui, Baba," Fiza alisema. "Nilikuwa nikija nafungiwa mkebe, naondoka nao. Sikumuuliza Mama."

"Hata mimi sikumuuliza. Umri wote huo, nakula tu."

Kisha Fiza akasema anaitwa kazini.

Uwatu uliungua. Achari ikatoka chungu, lakini Quresh aliila na wali jioni ile na jioni zilizofuata, mpaka ikaota ukungu, ndipo akaimwaga.

Baadaye Caroline alimpigia simu kumwalika: kasiki lingewekwa mbele ya watu, na jina la Hajrabai limeandikwa chini yake. Quresh akamshukuru, akasema inshallah.

Siku hiyo ilipofika hakwenda. Alikaa dukani hadi karibu na magharibi, akimkunjulia mteja mmoja kanga baada ya kanga. Yule mama alizitazama zote, akaondoka bila kununua. Quresh akaanza kuzikunja upya, polepole, kwa kuwa hakukuwa na aliyemngoja.