Mbili na Nusu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, siku shule ilipomshusha binti yangu Elinaja kundi la chini la hesabu. Kundi hilo halifanyi mtihani mgumu, na bila mtihani huo hakuna kusomea ufamasia. Mama yake, Placida, aliwaogesha wazee wa watu huku ughaibuni, Stanmore, mpaka kifo kikamchukua, akisema mtoto huyu atatoa dawa, hatabeba beseni.

Swali lililomwangusha lilikuwa moja. Alipewa milinganyo miwili ya kipeo cha pili, aseme kama ipo thamani ya x inayokubaliwa na yote miwili:

x² − 3x + 2 = 0
x² − 7x + 12 = 0

Somo hilo lilifundishwa sisi tukiwa kwenye matanga. Kwetu mtoto wa marehemu hatoki nyumbani matanga hayajavunjwa. Shuleni niliwaarifu. Wakasema poleni, na siku aliyorudi wakampa jaribio.

Elinaja alitoa mmoja kwenye mwingine. x mraba zikafutana, ikabaki 4x − 10 = 0. Akaandika mbili na nusu. Kosa.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilimpeleka kwa Nishma, mwenye duka Kingsbury, mzaliwa wa Moshi. Akaitandaza karatasi juu ya gunia la mchele.

“Baba Elinaja, mshenga alipokuletea jina la Placida, ulioa siku hiyohiyo?”

“Aa. Pande zote mbili ziliulizwa kwanza.”

“Binti yako kaoa jina.” Akamgeukia Elinaja. “Kutoa ni mshenga tu, bibie. Namba irudishe kwao, kote kuwili.”

Elinaja akaiweka mbili na nusu kwenye mlinganyo wa kwanza, ikatoka robo tatu. Kwenye wa pili, robo tatu tena.

“Mbona zimekubaliana?” akauliza kwa Kiingereza chake.

“Zimekubaliana kukukataa. Wewe ulifuata sifuri.”

Mtoto akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia.

Wa kwanza unakubali moja na mbili, wa pili tatu na nne. Haina cha pamoja. Nishma akaubadilisha wa pili ukawa x² − 5x + 6 = 0. Safari hii kutoa kulileta mbili, nayo ilipojaribiwa ikazaa sifuri kote. Hiyo ndiyo ya pamoja.

Tukaenda kwa mwalimu wake, Harrison. Akamwandikia jozi nyingine mezani. Elinaja akatoa, akarudisha, akahakikisha.

“Sahihi kabisa,” Harrison akasema.

“Basi mrudishe juu.”

“Makundi yamefungwa, mzee. Siamui mimi. Ni uongozi.”

Huko kwenye uongozi mama mmoja aliyevaa beji alinisikiliza vizuri, akanipa na maji. Akasema wao hufuata pendekezo la mwalimu. Nikarudi kwa Harrison. Akasema yeye hufuata makundi aliyopangiwa na uongozi.

Elinaja yuko bado kundi la chini, anafundishwa asilimia alizozijua zamani. Wiki iliyopita niliwakuta wote wawili mapokezini, nikawauliza hapohapo. Yule mama akatazama beji yake, Harrison akatazama saa. Kama mwalimu haamui, na uongozi hauamui, aliyemshusha mtoto wa Placida ni nani?