Mtungi wa Arkipe

Tanuri lilifunguliwa asubuhi, siku tatu kabla ya harusi ya Mnesila. Hegia mfinyanzi alitoa kwanza mtungi wa kaburini, akawapa watu waliokuwa wakiusubiri mlangoni, nao wakaufunga kwa blanketi ukiwa na joto bado na kwenda zao. Ndipo Evarko mchoraji, baba wa bibi harusi, akaingiza mkono kwenye majivu bila kujali moto. Alikuwa na hamu na mtungi mmoja tu, ule ambao wanawake wangeutekea maji chemchemini ili mwanawe aoge siku ya kuolewa. Alipouona umeiva vizuri, watu wekundu kwenye weusi unaong'aa, moyo ulimtulia.

Picha yenyewe kila mtu katika mtaa wa wafinyanzi anaijua. Peleo, mwanadamu, amemkumbatia Thetis, binti wa bahari, naye Thetis anageuka simba, anageuka nyoka, ili aachiwe. Haachiwi, na ndoa inafungwa. Lakini Evarko alikuwa amempa Thetis uso wa Mnesila, na nywele akazichora unywele mmoja mmoja. Wachoraji wa Athens wana kiburi kuliko majogoo, na huyu ndiye aliyekuwa akiwika kuliko wote.

"Lete na mimi niuone," alisema Hegia. Akauinua juu, akaupindua. Kisha akapitisha ngumi kwa chini, vidole vikaingia ndani ya mtungi. "Evarko, huu hauna kitako."

Kwa watu wale mtungi wa namna hiyo una kazi mbili. Binti anayeolewa huoga maji yake. Binti anayekufa hajaolewa huwekewa juu ya kaburi, na wa kwake hukatwa kitako, ili maji anayomwagiwa na mama yake yateremke hadi alipo naye aoge, kwa maana aliyemwoa ni bwana wa kuzimu. Hegia alikuwa amefinyanga miwili siku moja: mmoja wa Mnesila, mmoja wa Arkipe, mtoto wa Fanostrate, aliyekufa kwa homa. Ilikaa rafu moja, kila mmoja juu ya pete yake ya udongo iliyoficha kitako. Evarko aliichora yote miwili, wa maombolezo kwa asubuhi moja, wa harusi kwa siku kumi na moja, wala hakuinama hata mara moja kutazama chini.

"Tuwahi," alisema Hegia. "Kaburi lenyewe si hapo tu nje ya lango? Ule tutautoboa, tuombe radhi, yaishe. Huu tuuvunje."

"Tuvunje nini?"

"Huu. Huu una mwenyewe, ndugu yangu. Nilipoukata nilimtaja jina yule binti, kama inavyotakiwa."

"Na mwanangu aogee nini, ndoo?"

"Kuna ule mweusi mtupu pale juu. Hauna picha, lakini una kitako. Maji hayana habari na picha."

"Evarko amwozeshe mwanawe kwa mtungi mtupu! Watanicheka mpaka Korintho."

"Waache wacheke. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Ukianza methali najua umeishiwa maneno," alisema Evarko, akaukumbatia mtungi wake na kuondoka.

Nyumbani alichonga kibao cha mviringo, akakipachika kwa chini, akaziba kwa lami na nta, akapaka rangi juu yake. Kazi safi. Mkewe aliuona akalia kwa furaha, na Evarko hakumwambia neno. Usiku ule na uliofuata hakulala. Alijiambia kwamba udongo ni udongo. Hakujiamini.

Siku ya harusi wanawake walirudi kutoka chemchemini wakitanguliwa na mpiga filimbi, mtungi umejaa hadi mdomoni. Evarko aliutazama kitako. Haukuvuja hata tone. Wakaingia ndani na Mnesila, vicheko vikasikika, maji yakamwagika, na baba mtu akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu siku ya tanuri.

Alipogeuka alimkuta Fanostrate amesimama uani, nguo nyeusi, nywele amezikata. Wageni walisogea pembeni, kwa kuwa mfiwa haingii nyumba yenye harusi.

"Nimefuata mtungi wa mwanangu," alisema. "Siku ya tatu leo namwagia maji. Hayashuki. Yanasimama pale mdomoni, yananitazama. Nikaenda kumuuliza Hegia."

"Mama, rudi nyumbani," Evarko alinong'ona. "Kesho nitakuchorea mwingine, mzuri kuliko huu."

"Mwanangu hajaoga, Evarko. Unaniambia kesho?"

Mnesila alisikia sauti ya mtu anayelia akidai mtungi. Alikuwa binti mwenye huruma, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alitoka na nywele zake mbichi, mtungi mikononi.

"Mnesila, rudi ndani," alisema baba yake.

"Chukua, mama, kama ni wako," alisema Mnesila. "Mimi nimeshamaliza."

Fanostrate aliupokea. Aliutazama uso uliochorwa, kisha akautazama uso wa binti, na hasira yote ikamtoka. Kilichobaki ni huruma, na Evarko aliiogopa huruma ile kuliko matusi.

"Umeogea huu?"

"Ndiyo, mama."

"Masikini. Basi na wewe umeshapelekwa kwa bwana yule yule." Akamshika shavu kwa upole. "Usiogope, mwanangu. Arkipe wangu ni mpole. Hana wivu. Mtakuwa wake wenza, mtapendana."

Akajitwisha mtungi, akatoka, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Baba," aliuliza Mnesila, "wake wenza wa nani? Bwana gani huyo?"

Evarko alimjua bwana huyo. Alikuwa amemchora mara nyingi, kwa malipo ya kawaida, bila kuogopa. Sasa aliogopa hata kumtaja. Huko nje mtu alipaza sauti kwamba bwana harusi amefika, na watu wakaanza kuimba, na Mnesila akajikunyata akisema anasikia baridi.