Tuta Moja Liachwe

Kabla hajaolewa Namswea, kijiji cha milimani, Hilda aliamini kwamba Jalidi ni malaika. Usimcheke sana. Alizaliwa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo mtu akijifunika shuka mbili, hata mwezi wa saba, ataulizwa kama ana malaria. Jina hilo alilisikia kanisani, kwenye sala za asubuhi, pale viumbe vinapoitwa kimoja kimoja vimsifu Mungu. Kwa kuwa hakuna mtu wa Lipingo aliyewahi kukutana na huyo Jalidi, yeye akampa mabawa na kanzu nyeupe, mambo yakaisha.

Sasa alikuwa amekaa milimani tangu baada ya Pasaka, na kipupwe kilikuwa kimemwonyesha cha mtema kuni. Maji ya kunawa yalimuuma vidole. Mumewe, Edmund, alishinda Mbinga mjini na bodaboda yake na kurudi Jumamosi tu, akimwacha na mama yake, Bonifasia, mwanamke aliyebania maneno utafikiri anayanunua dukani. "Kuni." "Chumvi." "Funga mlango." Siku ikapita. Hilda alikulia kwenye nyumba ya makelele, ambako hata kupara samaki kunakwenda na hadithi, na ukimya ule ulimkondesha kuliko baridi. Alikuwa na hakika mama mkwe hamtaki.

Basi alikuwa ameamua. Jumamosi Edmund akija, angemwambia anataka kwenda Lipingo kusalimia. Kusalimia kwa namna hiyo kunajulikana: mtu anaondoka na nguo zake zote, na salamu haziishi. Tatizo ni kwamba alimpenda Edmund, na uamuzi wenyewe ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kumeza hawezi, kutema hawezi.

Alhamisi, alfajiri, mlango wa chumba chake uligongwa.

"Amka," alisema Bonifasia. "Umande umeganda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chukua ndoo."

Hilda hakuelewa umande unagandaje, lakini alichukua ndoo. Walishuka kwenda bustanini bondeni, mama mbele, kavaa sweta la marehemu mumewe, Hilda nyuma akitetemeka ndani ya kanga mbili. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa hata na jogoo aliyewika. Nyasi za njiani zilivunjikavunjika chini ya kandambili zake kwa sauti ndogo, na alianza kukanyaga taratibu bila kujua kwa nini. Kisha ukungu ukasogea, bustani ikaonekana, naye akasimama.

Kila kitu kilikuwa kile kile cha jana, na hakuna kilichokuwa cha jana. Kabichi zilikuwa zimepigwa pindo jeupe ukingoni, na mishipa ya majani yake ilionekana yote, hata ile midogo ambayo hujawahi kuijali. Majani ya karoti yalisimama membamba, meupe, kana kwamba yakiguswa yatalia. Kati ya miti miwili ya nyanya buibui alikuwa ametandika utando wake, na kila uzi ulikuwa umenenepa kwa weupe. Hilda aliona pumzi yake ikitoka, ikipanda, ikipotea. Hakusikia tena baridi. Kumbe Jalidi ndiye huyu, alijisemea. Hana mabawa, lakini ndiye.

"Ni nzuri, mama," alisema kabla hajajizuia.

Neno hilo halisemwi kwenye bonde lile. Weupe ule huua nyanya, huua maharage, huacha watu wakila ugali na chumvi. Kuusifia ni sawa na kusifia shati la mwizi aliyetoka kukuibia. Bonifasia aligeuka. Hilda alitamani ardhi immeze.

"Jua likiikuta juu ya jani, jani linaungua," Bonifasia alisema. "Tunaiosha kabla halijachomoza."

Walichota kijitoni. Maji yalifuka mvuke, na Hilda alipotumbukiza mkono alishangaa kuyakuta ya vuguvugu kuliko hewa. Walimwagilia kwa makopo yaliyotobolewa, nyanya kwanza, kisha maharage, tuta baada ya tuta. Kila walipopita, weupe ulitoweka na kijani kikarudi, kijani cha kawaida, cha mboga. Hilda alifanya kazi vizuri na moyo ukimuuma. Alijiona kama mtu anayefuta kitu ambacho hakuna atakayekiandika tena.

Likabaki tuta la mwisho, la maboga, chini kabisa. Majani yake mapana yana vinyweleo, na kila kinyweleo kilikuwa kimeshika punje yake nyeupe. Hilda aliinua kopo. Bonifasia akamshika mkono.

"Hilo acha."

"Litaungua, mama."

"Najua."

Bonifasia aligeuza ndoo, akaikalia. Hilda naye akageuza yake. Walikaa wakitazama mlima, na baada ya muda jua likachungulia, likashuka polepole kwenye mashamba ya kahawa, likavuka kijito, likalifikia tuta. Majani yakawaka. Yalikuwa na rangi ambazo Hilda hakujua zinaweza kukaa kwenye boga, nyekundu, samawati, dhahabu, zikicheza na kuhama, mpaka machozi yakamlengalenga. Kwa mara ya kwanza ukimya wa mwanamke yule haukumtisha.

"Kila kipupwe naacha tuta moja," Bonifasia alisema, macho bado kwenye maboga. "Baba yake Edmund alidhani ni uvivu. Alinisema mpaka anakufa."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Kwamba nimeacha mboga zife ili nizitazame?" Alivuta sweta. "Nililetwa hapa msichana. Neno ulilosema wewe leo, mimi sijawahi kulitoa mdomoni. Wewe umefika juzi tu, umesema."

Hilda alimtazama. Hakuwa anachukiwa, kumbe. Neno moja lilikwama kwa mwanamke huyu zamani, na mengine yote yakapanga foleni nyuma yake. Alimwonea huruma hadi akakosa pa kuweka mikono.

Majani yalianza kudondosha maji, yakalegea, yakawa meusi. Bonifasia aliinuka, akajikung'uta.

"Mwakani utachagua wewe," alisema. "Tuta la kuacha."

Mwakani. Hilda aliifikiria Jumamosi. Mtu anayekwenda kusalimia hachagui tuta la mwakani, na kumdanganya mama huyu, leo, asingeweza. Aliitazama bustani mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

"La karoti," alisema. "Majani yake membamba. Jalidi itakaa vizuri."

Bonifasia alifikiri. "Karoti Edmund anazipenda. Atanisema."

"Atatusema sote wawili, mama."