Kitanda cha Chumba cha Saba

Hebu fikiria, miaka thelathini mtu anatandika vitanda na hajawahi kukalia hata kimoja! Ndivyo alivyokuwa Shangazi, kama wote walivyomwita pale. Jumba lile kando ya barabara kuu lilikuwa la familia ya kitajiri kabla ya kugeuzwa nyumba ya wageni, na mama yake alikuwa mshonaji wao. Chumba cha saba ndimo cherehani yake ilimokaa, na ndimo Shangazi alimojifunzia kutembea, akishikilia pazia.

Sasa mama mwenye nyumba, aliyelinunua mwaka jana tu, alisema kesho fundi anakivunja kiwe mabafu. Shangazi hakubisha, angebisha kama nani? Lakini moyo ulimuuma.

Mchana akaenda kutoa mashuka mara ya mwisho. Kwa mazoea yake alifungua mlango, akashuka kurudisha ufunguo kwenye msumari wa mapokezi, akapanda tena. Jua lilipenya pazia alilolishona mama yake, sakafu ikawa rangi ya chai. Akakaa kitandani. Kukaa tu, jamani! Usingizi ukamwiba, akawa anasikia cherehani ikienda, ikisimama, ikienda, na mama akiimba kwa kufumba mdomo.

Huku chini, dada wa mapokezi aliona ufunguo uko mahali pake, akampa dereva wa lori chumba hicho hicho.

Shangazi alipozinduka, pazia lilikuwa limevutwa hadi mwisho jua lisimpige usoni, na mlangoni kulikuwa na begi asilolijua. Kazi imekwisha, alijiambia, akakusanya mashuka, akashuka ngazi.

Mama mwenye nyumba alikuwa anamuuliza dereva mbona amekaa barazani na chumba amekwisha kulipia.

"Nimemkuta mwenye nyumba amelala," dereva akasema. "Nikaona nimwache apumzike."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi samahani. Nilivyomwona alivyolala, nikajua ndiye."

Wote wakageuka kumtazama Shangazi, mashuka mikononi, alama ya mto bado shavuni. Mama mwenye nyumba alimwangalia kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Shangazi, kile kilikuwa chumba cha nani?"

"Cha mama yangu."

Hakuulizwa lingine. Asubuhi fundi alipofika na nyundo yake, aliambiwa avunje cha nane.