Muhogo wa Friza

Jumamosi tatu mfululizo wateja wa soko la Barking, huku ughaibuni, walinirudishia muhogo wangu wa kukaanga. Mmoja alishika shavu, akaniuliza kama nauza na meno. Malak, msimamizi wa soko, hakunitazama usoni. "Bonface, umebakiwa na Jumamosi moja. Kuna watu wanaingoja nafasi hiyo."

Wiki nzima nilikuwa naogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ijumaa nikitoka zamu, namenya muhogo mbichi mpaka vidole vinakufa ganzi. Ule wa friza, uliomenywa tayari, niliuona chakula cha wavivu.

Mengine yote niliyaiba Wembley, kwenye duka la Harish, Mhindi wa Kisumu: upana wa vipande, ndimu, hata karatasi ya kufungia. Nilikuwa nanunua sahani moja na kukaa saa nzima nikitazama. Nimwombe anifundishe? Mimi? Pilipili tu ndiyo ilikuwa yangu.

Jumanne nilichoka, hata kiburi kikanishinda kubeba. Nikampelekea Harish muhogo wangu kwenye bakuli, na pilipili yangu pembeni.

Alitafuna kipande, akakitemea kiganjani. "Kijana, hii ni ya kula au ya kuwasha jiko?"

"Nimefanya kama wewe, mzee."

"Umefanya kama ulivyoona. Miezi miwili unanikodolea macho! Binti yangu Lila alidhani umetumwa na watu wa kodi." Akafungua friza. Mifuko ya muhogo, chini mpaka juu. "Barafu inaupasua kwa ndani. Ukichemka unalainika, ndipo unaukaanga. Mimi pia nilimenya mbichi mwaka mzima, najidai, mpaka mama mmoja Mkongo akanicheka papa hapa."

Nilitaka kubisha. Sikuwa na nguvu. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akachovya kidole kwenye pilipili yangu, akakilamba, akachovya tena. "Hii umetia nini?"

Nilisita. Kisha nikamwandikia yote, ukwaju, tangawizi, hata vitunguu vya kuchoma, bila kuficha kitu.

Jumamosi Malak alikula muhogo wangu wa friza amesimama, kipande baada ya kipande, mvua ikimlowesha mabega. Akajifuta vidole.

"Wiki ijayo fika kabla ya saa moja asubuhi," akasema, akaenda zake.

Nilitaka kupiga kelele za furaha. Lakini watu wanne walikuwa kwenye foleni, miguu ilikuwa inawaka moto, na zamu ya jioni ilikuwa bado inaningoja.