Mtu Wetu wa Kisima

Nitaanza na Hiram, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na hasira hii inayoniharibia hata chai. Kisima cha mtaa wetu hapa Kitengela kilichimbwa katika shamba la Kakuta, Mmaasai aliyetoa kipande cha ardhi bure ili tusichote maji mtoni. Sisi tuliokuja kununua ploti kutoka Kiambu na Murang'a tukamchagua Hiram, mwenzetu, awe mwenyekiti wa kamati. Hiram akatia kufuli. Kuanzia hapo maji yakawa ya maboza, malori ya tangi yanayowapelekea wajenzi wa nyumba za matajiri, na sisi tukarudi mtoni na madumu yetu.

Mto huo ndio uliomlaza binti yangu Shiro kwa taifodi. Mume wangu Kiragu alimbeba mgongoni hadi zahanati, na pale kwenye benchi akaapa: "Hiram hataona kura yangu tena. Mungu anisikie."

Si yeye peke yake. Mtaa mzima uliapa, kwa kinyozi, kwenye posho mill, hadi nje ya kanisa baada ya ibada.

Ikafika mwaka wa 2002. Hiram na Kakuta wote wakataka tikiti ya udiwani ya chama kimoja, na uteuzi ukawa wa mlolongo: unasimama uwanjani nyuma ya picha ya mtu wako, na kila jicho linakuona. Nilijipanga nyuma ya picha ya Kakuta, nikageuka kuwangoja walioapa. Waliingia, wakaangaliana kama mbuzi mlangoni mwa zizi, kisha mmoja mmoja wakaenda kwa Hiram. Kwa Kakuta tulisimama jamaa zake na mimi. Kiragu alikuwa kwa Hiram, macho chini.

"Baba Shiro, ni nini hiyo umefanya?" nilimwuliza nyumbani.

"Mama Shiro, unataka duka yetu ichomwe? Huko kila mtu anaona. Wewe ngoja Disemba. Kura ni siri, hapo ndio utajua mimi ni nani."

Nikameza hasira, maana hofu naijua. Kakuta akahamia chama kidogo ili jina lake lisikose kwenye kura.

Lakini Disemba ilipokaribia nikaanza kusikia wimbo mwingine. Mzee Mugo, mwenye posho mill, aliniambia huku akipangusa unga kwenye nyusi, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, Mumbi. Huyo Kakuta akiingia, si watatuambia turudi kwetu?"

"Na hili zimwi lako limebakisha nini, mzee? Maji limekunywa, mtoto wangu nusura limle!"

Akawasha mashine ili asinisikie.

Jirani yangu Ruqia, muuza maziwa, alikuwa ameshika kimfuko chake cha mahindi mlangoni mwa posho mill. Huyu ni mzaliwa wa Garissa, lakini kila akienda kuomba kitambulisho anaambiwa alete cha babu yake.

"Wallahi, Mumbi," aliniambia, "mimi kipande wamekataa kunipa, kura sina. Nyinyi muko nayo, mnatupia fisi."

Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Siku ya kura tulipiga shuleni, kila mtu peke yake nyuma ya kadibodi. Kiragu alitoka akaniinulia kidole chenye wino, akatabasamu. Mimi mjinga nikaenda kumpikia chapati.

Jioni tukarudi kusikiliza. Mwaka huo kura zilihesabiwa palepale kituoni, na kituo chetu kilikuwa cha mtaa wetu tu. Jamaa za Kakuta walipigia kwingine. Msimamizi akasimama mlangoni mwa darasa, akasoma kura za udiwani. Hiram, mia nne na kumi na mbili. Kakuta, moja.

Watu wakaangua kicheko. Kisha kicheko kikapungua, na shingo zikaanza kugeuka upande wangu. Kura ni siri, ndiyo, lakini kura moja haina pa kujificha.

Nilimtafuta Kiragu kwa macho. Alikuwa kando ya mzee Mugo, anapiga makofi. Aliponiona mikono ikamganda. Akanijia, akanishika kiwiko, na haikuwa kwa aibu. Alikuwa amekasirika, yeye!

"Mama Shiro, sasa umetuanika. Watu wote wanajua ni wewe."

"Na mimi nimekujua," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Kwa mlolongo ulisema unaogopa watu. Huko ndani ulikuwa peke yako, Kiragu. Ulimwogopa nani?"